Kuitumia Kompyuta ya Ofisi kwa Mbali: Usiuache Wazi Mlango Namba 3389

Ofisi nyingi za mkoa wa Tanga zina seva moja, yaani kompyuta kuu ya ofisi, mjini na watumishi waliotawanyika Korogwe, Muheza, Pangani na Lushoto. Mhasibu aliyeko Lushoto hawezi kuteremka milima kila anapotaka kufunga hesabu za mwezi, na huduma ya kutumia kompyuta kwa mbali iliyomo ndani ya Windows humwezesha kuifanyia kazi seva kana kwamba ameketi mbele yake. Huduma yenyewe haina ubaya. Kinachonitia wasiwasi ni namna inavyowekwa.

Mafundi wengi, kwa kutaka kazi iishe haraka, hufungua kwenye ruta, kifaa kinachoiunganisha ofisi na intaneti, mlango namba 3389, yaani njia ya mawasiliano ambayo huduma hii huitumia kwa kawaida, na kuanzia hapo yeyote aliye kwenye intaneti anaweza kubisha hodi moja kwa moja kwenye seva. Programu za wahalifu hupita mchana na usiku kwenye anwani za dunia nzima zikiutafuta mlango huo, na zikiupata huanza kubahatisha nywila. Katika ofisi moja niliyoitwa kuikagua, kumbukumbu za seva zilijaa majaribio ya kuingia kwa jina la msimamizi, yakifuatana usiku kucha, na hakuna mtumishi aliyekuwa na habari. Kubadili namba ya mlango hakusaidii sana, kwa sababu programu hizo zinaweza kuijaribu milango yote. Hata nywila ngumu haitoshi peke yake: Mei 2019 Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro iliyoitwa BlueKeep, ambayo ilimwezesha mshambuliaji kuitawala kompyuta ya Windows 7 bila kujua nywila yoyote, na hatari ilionekana kubwa kiasi kwamba hata Windows XP, iliyokuwa imekwisha kuachwa, ilipatiwa marekebisho.

Njia ninayoisisitiza ni kuweka mfumo wa kudhibiti ufikiaji kati ya mtumishi na seva, ukafanya kazi ya bawabu. Mtumishi huingia kwanza kwenye mfumo huo kwa akaunti yake mwenyewe, huthibitishwa kwa hatua mbili, kisha mfumo humfungulia seva aliyoruhusiwa tu. Katika mifumo mingi ya aina hii, seva ndiyo inayoanzisha mawasiliano kwenda nje, hivyo ruta haihitaji kufungua mlango wowote wa kuingilia. Nywila ya seva hutunzwa ndani ya mfumo na mtumishi haijui kabisa. Asichokijua hawezi kukiandika kwenye karatasi wala kumpa mwenzake.

Kwa hatua ya pili ya uthibitisho, napendelea programu ya simu inayotoa namba mpya kila baada ya sekunde 30 kuliko ujumbe mfupi, kwani haihitaji mtandao, jambo muhimu kwa walioko milimani, na haiathiriki mhalifu akifanikiwa kuhamisha laini ya mtu. Saa ya simu lazima iwe sahihi, la sivyo namba zitakataliwa.

Ruhusa nayo iwe na mipaka. Fundi wa nje anayekuja kurekebisha programu ya uhasibu apewe saa mbili, zikiisha ruhusa ijifunge yenyewe, na kikao chake, yaani yote anayofanya tangu aingie kwenye seva hadi atoke, kirekodiwe. Watumishi waelezwe mapema kwamba vikao hurekodiwa, kwa kuwa rekodi hizo ni taarifa zao pia, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu.

Umeme au intaneti ikikatika upande wa mtumishi, kikao hakifungwi: hubaki hai kwenye seva, faili zikiwa wazi. Wekeni muda maalumu ambao kikao kilichokatika kitafungwa chenyewe, na wafundisheni watumishi kutoka rasmi badala ya kufunga dirisha tu. Iwepo pia akaunti moja ya dharura, nywila yake ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la ofisi, kwa siku ambayo bawabu mwenyewe ataharibika.

Baada ya kumaliza, chukueni kompyuta iliyounganishwa kwa data ya simu, nje ya mtandao wa ofisi, mjaribu kuifikia anwani ya ofisi kwa mlango 3389. Skrini ya kuingilia ikitokea, rudini kwenye ruta.