Je, wajua kwa nini dawa iliyoshonwa ndani ya jicho ilikuwa lazima ibadilishwe?

Shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, anavijua vizuri vijiti vya uzazi wa mpango. Binti yake anacho kimoja mkononi, na miaka mitatu ikitimia hurudi kliniki kukibadilisha. Juzi barazani nilimwambia kwamba mwaka 1996 Marekani iliidhinisha dawa ya kushonwa ndani ya jicho, nayo ikawa inabadilishwa kila baada ya miezi. Akashangaa: "Mwanangu, si wangeweka kubwa tu ikakaa moja kwa moja?"

Ugonjwa uliotibiwa na dawa hiyo huletwa na virusi vya CMV. Wengi wetu tunavyo mwilini bila kujua, kwa kuwa kinga imevituliza. Mtu mwenye UKIMWI akishuka chini ya CD4 50 (CD4 ni chembe za kinga, huhesabiwa kwa kila mikrolita ya damu), virusi hivyo huweza kuamka na kushambulia retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hakuna maumivu. Na sehemu iliyokwisha kuharibika hairudi.

Dawa yake, gansikloviri, haiviui virusi hivyo, huvizuia kuzaliana tu. Kinga ikiwa bado chini, ukiiacha vinaanza upya. Tena dawa iliyomo kwenye damu hupenya jichoni kwa shida, hivyo mgonjwa wa kilo 60 alianzishiwa dripu ya miligramu 300 mara mbili kwa siku, dozi inayoweza kushusha chembe nyeupe za damu. Kipandikizi cha jicho kilibeba miligramu 4.5 hivi!

Kilifanya kazi kama mtungi wa udongo: maji hayamwagiki, yanatoka jasho. Gamba lake la plastiki lilipitisha takriban mikrogramu 1 kwa saa. Piga hesabu: 24 kwa siku, basi 4,500 zinakwisha kwenye siku ya 188. Kwa kawaida kilidumu miezi 5 hadi 8.

Kikubwa zaidi kingetaka mkato mkubwa zaidi, na hata hicho kidogo kilihitaji kupasua sehemu nyeupe ya jicho kwa milimita 5 hivi. Kila upasuaji ulikuja na hatari ya damu kuvuja ndani, maambukizi, au retina kubanduka. Gamba nalo haliyeyuki. Daktari alifungua kovu lile lile akalitoa, au aliliacha humo tupu akashona jipya pembeni. Jicho la pili halikupata kinga yoyote kutoka hapo, lilitegemea gansikloviri ya kumeza.

Kubadilisha huko hakukukomeshwa na kipandikizi bora. ARV ndizo zilizorudisha kinga, na CD4 zikikaa juu ya 100 kwa miezi 3 hadi 6, daktari anaweza kusimamisha dawa ya jicho. Sasa kuna vidonge vya valigansikloviri, na sindano za jichoni.

Shangazi akauliza dalili. Vidoadoa vinavyoelea, mimweko ya mwanga, kivuli upande mmoja. Ukiviona, nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo, na umwambie daktari wazi kama unatumia ARV au uliziacha.