Acheni Kusema "Alikuwa Mkubwa Mno kwa Kamera"

Kila inapotangazwa filamu mpya iliyotokana na tamthilia ya muziki, ubishi ni uleule. Upande mmoja unalia kwamba nyota wa jukwaani amedhulumiwa, kwa kuwa nafasi aliyoicheza kwanza amepewa mtu mwingine kwenye filamu. Upande wa pili unajibu kwa sauti ya mtu aliyekula chumvi nyingi: "Ah, huyo ni wa jukwaani. Mkubwa mno kwa kamera." Kisha wote wanatikisa vichwa kana kwamba kumesemwa jambo. Nimeyasikia hayo juu ya nyota wa jukwaa la Marekani kama Ethel Merman, Chita Rivera na Patti LuPone, na siku hizi yanasemwa hata juu ya vijana ambao hawajawahi kusimama mbele ya lenzi. Kazi yangu ni kuwaandaa waimbaji, wa jukwaani na wa kamera, na hoja hiyo imenichosha.

Tumalize kwanza kesi ambayo kila mtu huikimbilia. My Fair Lady, tamthilia ya muziki, ilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, mwaka 1956, Julie Andrews akiwa Eliza, mhusika mkuu, ikadumu hadi 1962. Jack Warner, mkuu wa studio ya Warner Bros., akanunua haki za filamu kwa dola milioni 5.5, akampa nyota wa filamu Audrey Hepburn nafasi hiyo kwa dola milioni 1, halafu mwimbaji Marni Nixon akaletwa kuimba sehemu kubwa ya nyimbo kwa niaba yake. Yaliyofuata mnayajua: Andrews akaenda kufanya filamu ya Mary Poppins na kutwaa Oscar, Hepburn hakuteuliwa hata kuwania. Mashabiki huisimulia kama kisa cha haki kutendeka. Mimi naona hesabu tu. Mtu aliyekwisha kutoa milioni 5.5 kabla ya kununua hata msumari wa seti anatafuta jina litakalomfanya mtu asiyewahi kufika New York akate tiketi, na Andrews wakati huo hakuwa na filamu hata moja. Anayedai kwamba kamera ilikuwa haijamjaribu aeleze Cinderella ya 1957, aliyoicheza mubashara kwenye televisheni ya CBS, ikatazamwa na watu wanaokadiriwa kupita milioni 100, huku jioni nyingine akiendelea kuwa Eliza jukwaani.

Halafu wale wale wanaomlilia Andrews wa 1964 wanampigia makofi Andrews wa 1965 katika The Sound of Music, nafasi ambayo Mary Martin ndiye aliyeifungua Broadway mwaka 1959. Na kabla ya hapo South Pacific ya Martin ilikuwa imeshakwenda kwa Mitzi Gaynor. Sijasikia mtu akimfanyia Martin matanga.

Ukitaka kuizika kabisa hoja ya "hawawezi kamera", mchukue Angela Lansbury. Tamthilia ya muziki ya Mame ilimpa Tony, tuzo kubwa ya Broadway, mwaka 1966. Kufikia hapo alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar mara tatu: 1944, 1945 na 1962. Huyu ni mtu wa filamu aliyehamia jukwaani! Filamu ya Mame ilipotoka 1974, nafasi ilikuwa ya Lucille Ball, ambaye televisheni ilikuwa imemwingiza kila sebule ya Marekani. Na aliyecheza Vera, rafiki wa Mame, pembeni yake ni Bea Arthur, aliyeicheza nafasi hiyohiyo jukwaani. Ndani ya filamu moja, wa jukwaani mmoja anaonekana mkubwa mno na mwingine anafaa kabisa. Ukubwa gani huo unaochagua?

Haya, sasa huo ukubwa wenyewe, maana hapa ndipo watu wanaponikera zaidi. Ukumbi wa viti 1,500 una msikilizaji aliye mita 30 hivi kutoka ukingo wa jukwaa. Kamera inaweza kuwa mita 1. Mwigizaji anayefahamu kazi yake hupima umbali kwanza, kisha ndipo anaamua aimbe na atende vipi. Mtu anayemwita jirani ng'ambo ya barabara kisha akainama kumnong'oneza mtoto hajabadili kipaji. Amebadili umbali. Hilo hufundishika, tena haraka: mwimbaji mzuri wa jukwaani hupunguza nyusi, mikono na konsonanti ndani ya wiki chache. Ukimwona bado anapunga mikono kwenye filamu, muulize mwongozaji alikuwa wapi.

Kisichofundishika haraka ni vitu ambavyo mashabiki hawavitaji kamwe.

Cha kwanza ni taya. Sauti nzito ya kifua ikipandishwa juu kwa nguvu hudai mdomo ufunguke kwa urefu, ulimi ukae chini, shingo ifanye kazi. Jukwaani hakuna anayeona. Kwenye picha ya karibu, vibrato pana, yaani mtetemo wa sauti, inaonekana: kidevu kinatikisika, ulimi unatetema, mishipa ya shingo inasimama. Tazama filamu yoyote ya muziki na usubiri noti ndefu ya juu. Mara nyingi mhariri hukimbilia picha ya mbali, au uso wa mtu mwingine anayesikiliza. Hafanyi hivyo kwa ajili ya ushairi. Dawa yake ni kurekodi noti hiyo kwa nguvu ndogo, maikrofoni ikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kuhamishia mlio mbele kwenye pua na mashavu badala ya kuusukuma kutoka chini, na mara nyingine kushusha ufunguo wa wimbo nusu toni. Mashabiki wakigundua ufunguo umeshushwa wanasema sauti imeisha. Mungu awasamehe.

Cha pili ni pumzi na pleibeki, na hapa naomba uvumilivu.

Kwa desturi, wimbo hurekodiwa studio wiki kadhaa kabla ya kupigwa picha. Siku ya kupiga, wimbo unachezwa kwenye seti, na hiyo ndiyo pleibeki; zinatangulia klik za kuhesabia, na mwigizaji analinganisha midomo. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde, yaani kila fremu ni takriban milisekunde 42. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Mweke mchezaji mita 14 kutoka kwenye spika, na anachokisikia kimechelewa fremu nzima kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana spika husogezwa karibu au mwimbaji hupewa kidude cha sikioni. Fremu moja inavumilika. Zikifika tatu, mtazamaji hatajua kasoro iko wapi lakini atasema "huyu simwamini".

Kosa kubwa zaidi ni kutoimba. Waigizaji wengi wasio waimbaji husogeza midomo kimya kwa sababu wanaona haya. Koo halipandi, tumbo haliingii, mabega hayapumui, na kinachobaki ni kinywa kinachofunguka kwenye mwili uliolala. Lazima uimbe kwa sauti kamili juu ya pleibeki, hata ukikosea noti, kwa kuwa hakuna atakayeisikia. Tena uvute pumzi palepale ulipoivuta studio. Nawaambia waimbaji waweke alama ya kila pumzi kwenye karatasi ya wimbo siku ya kurekodi, kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu wiki sita baadaye hawatakumbuka. Alama ya pili ni ya mwendo. Kama mhusika atapanda ngazi kwenye ubeti wa tatu na studio uliuimba umesimama tuli, sauti itakuwa ya mtu aliyetulia na mwili wa mtu anayehema. Muulize mwongozaji mapema, ingawa mara nyingi hata yeye hajaamua.

Hapa nyota wa jukwaani ana faida na hasara kwa pamoja. Mwili wake unaimba kweli, kwa hiyo picha inaaminika. Lakini amezoea maonyesho 8 kwa wiki ambayo kila usiku anabadilisha kitu kidogo: leo anachelewesha neno, kesho analiwahisha. Pleibeki haimruhusu. Rex Harrison, aliyecheza na Hepburn, aligoma kabisa kurekodi kabla, akafichiwa maikrofoni isiyo na waya kwenye tai yake akaimba papo hapo kwenye seti ya My Fair Lady. Kwa mwaka 1964 huo ulikuwa usumbufu wa kihandisi, na Oscar akapata. Angekuwa mwanamke mgeni kwenye filamu, sidhani angesikilizwa.

Cha tatu, kicheko. Mchekeshaji wa jukwaani hujenga sentensi zake juu ya kicheko cha ukumbi. Anakingoja kipande, anakipanda kikianza kushuka. Kwenye seti kuna kimya na mtu mmoja aliyeshika kebo. Akibakiza mwanya wa kicheko, filamu inakuwa na mashimo. Akiuziba, mzaha wenyewe unakufa. Hili ni gumu kuliko sauti, na sina mbinu safi ya kulifundisha.

Saa pia. Koo la Broadway limezoeshwa kufika kileleni saa mbili usiku. Filamu inakuita alfajiri, unaimba wimbo wa dakika tatu kwa siku mbili au tatu, vipande vipande, na noti kubwa inaweza kuombwa ya kwanza kabisa.

Kuhusu kuingiziwa sauti nitapita haraka. Marni Nixon aliimba kwa niaba ya Deborah Kerr katika The King and I, Natalie Wood katika West Side Story, na Hepburn. Kazi ya Kerr ndiyo iliyokaa vizuri kuliko zote, kwa sababu wawili hao walifanya mazoezi pamoja, Nixon akisoma mwili na matamshi ya mwenzake hadi mahali pa kubadilishana mstari. Pumzi zinakutana. Kwa Hepburn, sikio langu linaona mshono. Na wanaosema Rita Moreno alistahili nafasi ya Anita katika filamu ya West Side Story kuliko Chita Rivera kwa sababu ya sauti wajue kwamba katika wimbo wa "A Boy Like That" tunayemsikia ni Betty Wand. Moreno alistahili Oscar yake kwa uigizaji na dansi. Rivera naye aliifungua nafasi hiyo mwaka 1957 na hakuwa na upungufu wowote ninaoweza kuutaja kitaalamu. Yote mawili yanakaa pamoja bila kugombana, ila mashabiki hawapendi hivyo.

Sasa hivi mtindo ni kuimba papo hapo. Les Misérables ya 2012 ilifanya hivyo: mpiga piano sikioni, okestra ikaongezwa baadaye, maikrofoni zikafutwa kwenye picha kwa kompyuta. Wicked ya 2024 nayo iliimbwa kwa sehemu kubwa kwenye seti. Wengi wanaichukulia njia hii kuwa ndiyo ukweli wenyewe. Nina mashaka. Papo hapo inaleta pumzi halisi na uhuru wa mwendo, lakini pia inamlazimisha mwimbaji kulinda koo kwa ajili ya marudio 20, na anayelinda koo haimbi kama aliye huru. Kwa wimbo wa maombolezo, nipe papo hapo. Kwa wimbo wenye dansi, nipe pleibeki iliyoandaliwa vizuri.

Kisha umri, jambo ambalo mashabiki hulikumbuka baada ya kupewa walichokiomba. Ben Platt alipewa Dear Evan Hansen, nafasi aliyoifungua mwenyewe, na filamu ilipotoka 2021 kelele ilikuwa moja: huyu si mwanafunzi wa sekondari tena. Filamu ya Rent ya 2005 iliwarudisha wengi wa waigizaji wa jukwaani wa 1996 na kukumbana na malalamiko ya aina hiyohiyo. Ukiwa mstari wa nyuma ukumbini, miaka 10 haionekani. Lenzi ya milimita 85 inahesabu kila mwaka. Ndiyo sababu sikushangaa Idina Menzel na Kristin Chenoweth, nyota wa Wicked ya jukwaani, kupita kidogo tu katika filamu yake: kati ya jukwaa la 2003 na filamu kulikuwa na miaka 21. Aliyemrithi Menzel, Cynthia Erivo, alikuwa tayari na Tony ya 2016. Huyo naye ni "wa jukwaani".

Merman hana hata kisingizio cha umri. Gypsy ilikuwa ya 1959 na filamu ya 1962, akapewa Rosalind Russell, naye Lisa Kirk akaingizwa kumwimbia sehemu kubwa. Lakini Call Me Madam ya 1953 ipo, Merman ndiye anayeicheza, na ilimpa Golden Globe. Kwa hiyo swali la kama anaenea kwenye fremu lilikwisha kujibiwa miaka tisa kabla.

Anayenitoa jasho ni Carol Channing. Hello, Dolly! ya 1964 ilikuwa yake; filamu ya 1969 ilikwenda kwa Barbra Streisand, aliyekuwa na miaka 26 akicheza mjane wa makamo. Channing alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar kwa Thoroughly Modern Millie ya 1967, kwa hiyo kamera ilimpokea vizuri katika nafasi ya pembeni. Dolly ni kitu kingine: karibu saa mbili na nusu za macho yale, sauti ile ya mkwaruzo, na mizaha ambayo nusu yake ilijengwa juu ya kicheko cha ukumbi. Kila ninapojaribu kumwondolea hadhira ile kichwani mwangu, kuna siku naona filamu bora kuliko tuliyopata na kuna siku naona mashimo matupu. Ningekuwa na pesa za kubahatisha ningempa yeye, na mshahara wa kwanza ungekwenda kwa mhariri.