Acheni Kusugua Mawe ya Tangi

Swali limekuja tena wiki hii, kutoka kwa mtu mwenye tangi kubwa la Tropheus, samaki wa miamba ya Ziwa Tanganyika: "Nitie dawa gani kuondoa ukijani kwenye mawe? Nataka lionekane la asili." Jamani, ukijani huo ndio asili yenyewe!

Anayetaka tangi lifanane na mwambao wa mawe wa ziwa hilo atazame kwanza picha zilizopigwa chini ya maji Kigoma, Gombe au Mahale. Hataona jiwe linalong'aa. Ataona miamba iliyovaa utando wa mwani, kijani juu panapopigwa na jua, kahawia ubavuni, na karibu mitupu kule chini mwanga usikofika. Tofauti hiyo ya rangi ndiyo inayolipatia tangi kina. Ukiyasugua mawe yote yakatakata sawasawa, umefuta vivuli vyote, na kilichobaki ni rundo la mawe ndani ya kioo.

Tena utando huo ni malisho. Tropheus ana mdomo uliokaa upande wa chini, umeumbwa kwa kukwangua, na utumbo wake umezidi urefu wa mwili mara kadhaa kwa sababu anakula mwani kutwa. Ndani ya utando wamo wadudu wadogo wa majini, ndio samaki mwingine wa ziwa hilo, Julidochromis, anaowachokoa kwenye nyufa. Mwondolee Tropheus malisho uone atakavyoshinda akiwaandama wenzake.

Mpangilio wa mawe hauna siri. Aina moja ya jiwe, ukubwa tofauti. Makubwa yakae juu ya kioo cha chini kabla hujamwaga mchanga, maana samaki hawa huchimba na jiwe lililoegemea mchanga litaporomoka. Madogo yalale miguuni mwa makubwa, kama yalivyoanguka yenyewe. Filta ifiche nyuma.

Matumbawe na makombe ya pwani yaacheni pwani. Chokaa yake haiwadhuru samaki hawa, kwani maji ya ziwa lenyewe yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya kati ya 8.6 na 9 hivi, yaani upande wa alkali, lakini kwa macho ni uongo. Ziwa lina magamba yake, ya konokono Neothauma, yaliyotapakaa kwenye sakafu za mchanga. Dume la samaki Lamprologus callipterus huyabeba mdomoni na kuyakusanya ili majike watagie humo. Hilo ni tangi la namna nyingine. Vallisneria, mmea wa majini, nayo imo ziwani, ila kwenye mchanga na tope; usiichomeke katikati ya miamba kwa sababu tu unaona asili lazima iwe na majani.

Sasa tatizo la kweli, ambalo vitabu hulipita haraka: Tropheus humaliza mwani haraka kuliko unavyoota. Mimi huweka mawe ya ziada kwenye beseni juani, ndani ya maji niliyotoa tangini wakati wa kubadilisha, maana yamejaa nitrati, mbolea itokanayo na uchafu wa samaki, na mwani huipenda. Beseni hufunikwa kwa wavu, la sivyo utafuga mbu. Jiwe likishakuwa kijani linaingia, lililokwanguliwa linatoka.

Kuhusu taa, wengi hutaja muda wa saa 8 hadi 10 za mwanga kwa siku kana kwamba ni sheria. Naanzia hapo, lakini siapi. Nina matangi mawili yenye mawe ya mto mmoja na taa za aina moja. Moja limeota manyoya mafupi ya kijani, la pili limeganda kwenye kahawia, na hakuna maelezo niliyoyasoma yanayoniridhisha. Kahawia ya wiki za mwanzo kwa kawaida ni diatomu, aina ya mwani mdogo sana. Iacheni.

Cha kuondoa ni utelezi wa kijani-buluu unaobanduka kama karatasi na kutoa harufu mbaya. Hiyo ni sayanobakteria, bakteria wanaofanana na mwani: uvute kwa mpira wa maji, punguza chakula, ongeza mzunguko wa maji. Dawa za kuua mwani msitie. Nyingine zina shaba, inayoua konokono na kamba, na mwani unaokufa kwa mkupuo huoza na kumaliza oksijeni. Mkono ukiwasha kusugua, kipo kioo cha mbele. Sugueni hicho kila wiki, vya pembeni na cha nyuma viachieni samaki.