Koncheto si tamasha

Juzi kijana mmoja wa kwaya yetu alinijia baada ya mazoezi, simu mkononi, akaniuliza: "Mwalimu, hili tamasha la tatu la Rachmaninoff, yule mtunzi Mrusi, lilifanyika wapi?" Kwenye simu kulikuwa na video ya mtu anapiga piano mbele ya okestra, lile kundi kubwa la wapiga vyombo, na chini yake mtu ameandika kwa Kiswahili: "Tamasha la Piano Na. 3". Sikumlaumu kijana. Maneno hayo nimeyasikia redioni pia, tena yakisomwa kwa sauti ya uhakika, na kila mara nabaki na kero ileile.

Pale palitakiwa neno koncheto. Koncheto ni utungo. Ni muziki ulioandikwa kwa ajili ya chombo kimoja kinachotangulia mbele, mara nyingi piano au fidla, pamoja na okestra, na kwa kawaida una sehemu tatu. Tamasha ni tukio: lina ukumbi, lina saa ya kuanza, na watu wakishatawanyika limekwisha. Utungo waweza kupigwa kwenye matamasha elfu na ukabaki uleule.

Nikamjibu kijana hivi. Sergei Rachmaninoff aliandika Koncheto ya Tatu mwaka 1909. Akaipiga New York tarehe 28 Novemba mwaka huohuo, kisha akaipiga tena mjini humo Januari 1910, safari hii Gustav Mahler akiongoza okestra. Hayo ni matamasha mawili, na koncheto ni moja. Ile namba 3 inahesabu tungo zake za aina hiyo. Haihesabu mara alizopanda jukwaani. Kama ingekuwa inahesabu matamasha, basi mtu huyu, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa zama zake, angekuwa ametokea mbele ya watu mara nne maisha yake yote, maana koncheto zake za piano ni nne.

Lakini kosa hili lina mizizi, na mizizi yake ni mitamu kuliko kosa lenyewe. Neno koncheto limetoka Kiitaliano, na Waitaliano wenyewe hulitumia kwa yote mawili, utungo na tukio. Warusi nao ni hivyohivyo: wanasema "kontsert" kwa ile kazi iliyoandikwa na kwa ile jioni ya muziki. Rachmaninoff hakuwa na haja ya kuyatenganisha katika lugha yake. Sisi tunayo, kwa sababu Kiswahili kilishakuwa na tamasha lake kabla koncheto haijabisha hodi, na tamasha letu halijawahi kuwa jina la utungo.

Tena hata maana ya ndani ya neno imebishaniwa kwa karne kadhaa. Kwa Kilatini, "concertare" ni kushindana, kuvutana kwa hoja. Kwa Kiitaliano, kitenzi hichohicho kiligeuka kuwa kupatana, kupanga jambo pamoja. Mwaka 1587 ilichapwa Venice mikusanyo ya muziki ya watunzi akina Gabrieli, Andrea na mpwa wake Giovanni, ikaitwa "Concerti", na ndani yake sauti za waimbaji zimechanganywa na vyombo: hapo kupatana ndiko kunakosikika. Mwaka 1619 mtunzi Mjerumani Michael Praetorius akalieleza neno kwa upande wa Kilatini, makundi mawili ya sauti yakipambana. Nani yuko sahihi? Mimi naona mtu aliyekulia kwenye mashairi ya Kiswahili hapati taabu hapa. Washairi wanapolumbana, kila mmoja anataka kumzidi mwenzake, lakini wote wamekubali vina na mizani vilevile. Asiyefuata bahari ya mwenzake hajamjibu. Koncheto ni malumbano ya namna hiyo.

Na neno halikuanza na piano wala halikuishia kwa piano. Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi haliruhusu vyombo katika ibada, ila lina "koncheto" za kwaya, sauti tupu za watu. Rachmaninoff mwenyewe alitunga moja mwaka 1893, ya Mama wa Mungu, akiwa kijana wa miaka 20. Wanakwaya wangu walishangaa sana kusikia hilo.

Malumbano yenyewe yasikilize katika Koncheto ya Pili ya Rachmaninoff. Piano inaanza peke yake: mapigo manane mazito, kila pigo limebeba nota nyingi kwa mkupuo, na baada ya kila moja nota moja ya chini kabisa inajibu kama kengele kubwa. La kwanza ni la kunong'ona, la mwisho linatikisa. Ungetarajia sasa piano ishike wimbo. Hapana. Wimbo unachukuliwa na fidla na klarineti, chombo cha kupuliza, na mpiga piano, ambaye watu wamekuja kumtazama yeye, anarudi chini kuwasindikiza kwa nota za mbio zinazopanda na kushuka. Anayetangulia amekubali kufuata. Na aliyeandika haya alikuwa ametoka kwenye giza: simfonia yake ya kwanza, utungo mrefu wa okestra, ilianguka vibaya mwaka 1897, akashindwa kutunga, mpaka mwaka 1900 alipotibiwa na daktari Nikolai Dahl. Koncheto hii amemtunukia daktari huyo.

Maisha yake ya baadaye yalitenganisha maneno haya mawili kwa namna inayoniumiza. Desemba 1917, baada ya mapinduzi, aliondoka Urusi na mkewe na mabinti zao wawili, na mwaka uliofuata wakafika Marekani. Mali ilibaki nyuma. Riziki ikawa ni kupiga piano, mji baada ya mji, msimu baada ya msimu. Matamasha yakajaa, tungo zikakauka. Katika miaka 25 ya ugenini alikamilisha kazi kubwa sita tu, na koncheto iliyomo ni moja, ya Nne, ya mwaka 1926. Tamasha lake la mwisho lilikuwa Knoxville, Marekani, Februari 1943, na mwezi uliofuata akafariki. Ukiita koncheto tamasha, hasara hii huwezi hata kuisimulia.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika chini ya video na mnaotangaza redioni, ukikuta namba imefuata, sema koncheto, halafu tamasha lipe tarehe na mahali: Rachmaninoff alipiga Koncheto ya Pili, nzima kwa mara ya kwanza, katika tamasha lililofanyika Moscow Novemba 1901, binamu yake Alexander Siloti akiongoza okestra.