Usisubiri Mtoto Azaliwe: Maswali na Majibu Kuhusu Familia, Hadithi na Kuacha Sigara

Wavutaji wengi ninaowahudumia hapa Dar es Salaam huja na imani ambayo hawakuipata kwa mtoa huduma yeyote wa afya, bali katika tamthilia za jioni na hadithi za mfululizo wanazozisoma kwenye simu, kwamba mtu huacha sigara kwa siku moja, kwa ajili ya ampendaye, na mambo yakaishia hapo. Nayajibu hapa maswali ambayo imani hiyo huyazaa, kwa sababu imani hiyo inawachelewesha watu.

Swali: Katika tamthilia ninayoifuatilia, baba alimsikia bintiye akikohoa, akaitupa pakiti ya sigara baharini na hajavuta tena. Mume wangu ameniahidi mara tatu, na mara tatu amerudia. Je, hatupendi?

Anawapenda, mama, na kurudia kwake si ushahidi wa kinyume. Hadithi huhitaji tukio moja la kugusa moyo, na ikishalipata husonga mbele, lakini mwili hauendi kwa mwendo huo. Mtu akivuta moshi, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo uliozoea kuipata mara 20 kwa siku huidai kwa nguvu inapokosekana. Vijiweni huiita hali hiyo arosto, nayo ni hasira, wasiwasi, usingizi wa mang'amung'amu na hamu inayokuja kwa vishindo. Huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, huwa kali zaidi katika siku mbili tatu za kwanza, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne.

Yule baba wa tamthilia hakuonyeshwa siku ya tatu. Mumeo huanguka siku hiyo ya tatu, na akiambiwa wakati huo kwamba angekuwa anaipenda familia yake angeacha, atavuta kwa aibu, kisha atavuta kwa kujificha, na mtu anayejificha haji kwetu kuomba msaada. Wavutaji wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja. Mwambie aanze tena wiki hii.

Swali: Basi upendo hauna kazi yoyote?

Unayo. Humpa mtu sababu ya kuanza, na humpa sababu ya kuanza tena baada ya kushindwa. Hauondoi arosto, kama vile upendo wa mama hauondoi malaria ya mwanawe bila dawa.

Swali: Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Nimeapa kwamba siku nitakapompakata mwanangu kwa mara ya kwanza, nitaacha. Je, si uamuzi mzuri?

Usisubiri. Ninaelewa uzuri wa picha hiyo, kwa kuwa nimeisoma katika hadithi nyingi, lakini kitabibu ni uamuzi mbaya, na ni huu ninaousikia mara nyingi kuliko mwingine wowote. Mtoto wako tayari yupo. Moshi unaouvuta karibu na mama yake huingia katika mapafu ya mama, ukaingia katika damu yake, na sumu zake humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma. Moshi huo huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, yaani chini ya kilo 2.5. Miezi minne unayotaka kuisubiri ndiyo miezi ambayo mtoto huongezeka uzito zaidi.

Usisubiri pia kwa sababu nyingine ambayo hadithi haziitaji: wiki za kwanza za mtoto mchanga ni wiki za kukesha, uchovu na matumizi mengi ya fedha, na huo ni wakati mgumu sana wa kupambana na arosto. Wengi walioapa kama wewe huahirisha hadi arobaini, kisha hadi mtoto atambae. Usisubiri.

Swali: Lakini mimi huvutia uani, si chumbani.

Hata hivyo usisubiri. Nyumba zetu nyingi za kupanga zina vyumba vinavyotazamana kwenye korido moja inayofungukia uani, na moshi hupita humo kama upepo upitavyo. Ndani ya moshi huo kuna kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake husababisha saratani. Mabaki yake hushika kwenye shati, na shati hilo ndilo unalompakatia mtoto. Watoto wanaoishi na moshi wa sigara hupata zaidi nimonia, maambukizi ya masikio na mashambulizi ya pumu, na kwa mtoto mchanga huongezeka hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Kuvutia uani hupunguza moshi, hakuuondoi.

Swali: Baba yetu ana miaka 58 na amekohoa mwezi wa pili sasa. Anasema ni kikohozi cha sigara tu, na ataacha akizidiwa.

Asisubiri kuzidiwa, mleteni kesho asubuhi. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinapaswa kupimwa, na kwa mvutaji kinapaswa kupimwa haraka zaidi, kwa sababu sigara huongeza hatari ya kupata kifua kikuu na hatari ya kufa kwa ugonjwa huo. Kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Akikohoa damu, akipungua uzito au akitokwa jasho jingi usiku, msingoje hata kesho.

Katika hadithi, mzee hukohoa ili mwana aliyekuwa mbali arudi na wasameheane. Ninaowapokea mimi mara nyingi wamecheleweshwa na maneno hayohayo, "ni kikohozi cha sigara tu." Saratani ya mapafu huweza kukua muda mrefu bila dalili, na anayengoja kuzidiwa anaingoja ifike mbali. Na umri wa miaka 58 haujapita wakati: mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa takriban nusu.

Swali: Familia isaidie vipi?

Pangeni tarehe ya kuacha, isiyozidi wiki mbili kutoka leo. Ondoeni visahani vya majivu na viberiti. Kila hamu hudumu dakika chache, kwa hiyo mpeni maji, mtembee naye, msimwache peke yake na kahawa yake ya asubuhi. Mfamasia au tabibu aulizwe kuhusu vibandiko au jojo za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waonane na tabibu kwanza. Na tafadhali, acheni kumtuma mtoto kibandani kununua sigara moja. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, lakini bado nakutana na akina baba wanaofanya hivyo kila jioni.

Swali: Akihamia shisha au ugoro?

Bado ni tumbaku. Hapana.

Swali: Mimi huandika hadithi za mapenzi kwenye simu, na katika sehemu ijayo mhusika wangu anaacha sigara kwa ajili ya mkewe mjamzito. Niiandikeje bila kupotosha?

Nashukuru kwa kuuliza. Mwache ampende mkewe kadiri upendavyo, kisha mwandikie siku ya tatu, akiwa amefoka kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi na mikono ikimtetemeka kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni. Mwandike akianguka Jumamosi kijiweni, akirudi nyumbani na kusema kweli, na mkewe akimuuliza wanaanza tena lini badala ya kumuuliza kama anampenda. Mwandikie kituo cha afya, hata kwa aya moja. Na mimba ya mkewe iwe bado changa.