Injini ya chesi na msako wa kula: tunavyodhani na ilivyo kweli

Wadau wa chesi na wa kuandika programu hapa Dar, hili nawaombeni tulielewe vizuri maana linaua injini nyingi, yaani programu za kucheza chesi, za watu wanaoandika kwa kupenda tu. Mtu kamaliza mijongeo ya kete, kaweka alfa-beta (njia ya kuruka mijongeo isiyoweza kubadilisha uamuzi), inacheza, halafu anaikuta inapeleka malkia kula askari aliyelindwa na yenyewe inaona imepata. Dawa yake ni msako wa kula, yaani kina (idadi ya hatua ambazo injini inatazama mbele) kikiisha hupigi hesabu ya pointi papo hapo, unaendelea kufuata ulaji mpaka ubao utulie.

Dhana: ongeza kina tu, tatizo litaisha.
Haliishi, linasogea mbele. Injini ikikomea hatua ya 6 malkia akiwa ndo kwanza kala askari, inahesabu faida ya pointi 1, haioni hatua ya 7 malkia analiwa na hasara ni pointi 8. Ukiipeleka mpaka 7, sasa mpinzani ndo ataonekana kala bure mwishoni. Mwanahisabati Claude Shannon alishaliona hili mwaka 1950, kwamba ubao upewe pointi ukiwa umetulia, na mwenzake wa Uingereza Alan Turing naye kwenye programu yake ya chesi aliyoiendesha kwa karatasi alifuata ulaji mpaka uishe.

Dhana: ndani ya msako huu lazima ule.
Hii ndo kubwa kuliko zote, na nadhani sisi tunaingia nayo kutoka kwenye drafti. Pale kijiweni Kariakoo kete ikiwa ya kula unakula, hata kama unajua umetegwa. Chesi haikulazimishi. Kwahiyo kabla ya kujaribu ulaji wowote, kwanza pima ubao kama ulivyo: pointi zikifika beta (kikomo ambacho mpinzani hatakubali kizidi) au kupita, rudi hapohapo, zikizidi alfa (pointi ambazo tayari una uhakika nazo) tu, hiyo ndo alfa mpya, halafu ndo uanze kujaribu kula. Ukiruka hatua hii, injini ambayo ulaji pekee ilionao ni malkia kwa askari itaamini imeshapoteza malkia, wakati ingeweza kusogeza kete nyingine na maisha yakaendelea.

Ila kuna sharti ambalo watu wengi wanalisahau: mfalme akiwa kwenye cheki, yaani anashambuliwa, huruhusiwi kutulia hivyo. Hapo jaribu mijongeo yote halali, sio ya kula peke yake, la sivyo injini itakwambia ubao uko salama kumbe ni mati, mfalme hana pa kukimbilia na mchezo umeisha.

Dhana: ulaji ni mchache, hauna gharama.
Ni kweli una mwisho maana kete zinapungua, lakini katikati ya mchezo mkali matawi, yaani njia za mchezo ambazo injini inazifuata, yanalipuka vibaya sana na muda mwingi wa injini unaishia humu. Anza na anayeliwa wa thamani kubwa, mlaji wa thamani ndogo, yaani askari kula malkia atangulie, malkia kula askari awe wa mwisho. Kisha piga hesabu ya kubadilishana kwenye mraba mmoja, nani anakula nani mpaka waishe, kila upande ukianza na kete yake ndogo na ukiwa huru kuacha, ikitoka hasi achana na huo ulaji kabisa. Hesabu hii ikiwa ya kawaida haijui kete iliyofungwa mbele ya mfalme wake (ikiondoka mfalme anabaki wazi, kwahiyo haiwezi kula), lakini kasi inayoleta inafaa hiyo hasara. Na usisahau askari anayegeuka malkia, hata asipokula mtu muingize kwenye msako.

Dhana: cheki zote ziingie pia.
Cheki haipunguzi kete, inaweza kuzunguka bila mwisho. Ukizitaka, weka hatua ya kwanza tu ya msako.

Dhana: matawi yakipungua, injini imekuwa kali.
Si lazima. Unaweza ukawa umekata ulaji uliokuwa unaokoa mchezo. Kipimo ni toleo jipya dhidi ya la zamani, gemu nyingi za muda mfupi, ufunguzi uleule kila upande ushike nyeupe na nyeusi, na gemu kumi au ishirini hazitoshi kukwambia chochote. Mashine ikikesha na kazi hiyo, andika matokeo kwenye faili kila gemu inapoisha maana umeme ukikatika saa nane usiku unaanza upya.