Haki za kazini zimebebwa na neno "kabla"

Kuna faili moja ambalo bado nalikumbuka ukurasa kwa ukurasa. Mfanyakazi wa ghala, miaka tisa kazini, alituhumiwa kupoteza mzigo. Aliandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza, akajibu. Akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, akaenda na mwenzake wa kumsindikiza. Muhtasari wa kikao ulikuwepo, kurasa nne, na sahihi za wajumbe wote chini yake. Ukilipitia faili lile haraka haraka ungesema mwajiri ametimiza kila kitu. Mimi nilirudi kwenye tarehe. Kikao kilikaa Alhamisi. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa na tarehe ya Jumanne ya wiki hiyo hiyo.

Yaani yule bwana alijieleza kwa zaidi ya saa nzima mbele ya kamati, ilhali barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshachapwa.

Kazi yangu ni ushauri wa mahusiano kazini. Siku moja naketi upande wa mwajiri, siku nyingine upande wa mfanyakazi, na kila nikifungua faili jipya natafuta jambo lile lile: kipi kilitangulia kipi. Watu wakizungumzia haki za mfanyakazi hufikiria kiasi. Mshahara shilingi ngapi, likizo siku ngapi, fidia ya miezi mingapi. Hayo yana uzito wake, na viwango vyake vimo katika sheria ya nchi yako au katika mkataba wako. Lakini migogoro mingi ninayoletewa haianzii kwenye kiwango. Inaanzia pale mwajiri alipotenda kwanza na kueleza baadaye.

Kuhusu kuachishwa kazi, Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1982, uko wazi. Lazima pawe na sababu halali, nayo itokane na uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. Na ikiwa sababu ni mwenendo au utendaji, mfanyakazi asiachishwe kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea, isipokuwa pale ambapo mwajiri hawezi kutarajiwa kuitoa nafasi hiyo. Mikataba ya kimataifa hupata nguvu pale nchi inapoiridhia na kuiingiza katika sheria zake. Hata hivyo zipo nchi ambazo hazijauridhia huu, na bado zimeiweka kanuni hiyo hiyo katika sheria zao za ajira.

Kujitetea kuna maana pale tu ambapo uamuzi bado unaweza kugeuka. Ndiyo maana nawaambia maofisa rasilimali watu wasiniletee picha ya chumba cha kikao. Waniletee barua ya wito. Je, mfanyakazi alielezwa kosa gani hasa? "Utovu wa nidhamu" ni jina la kapu. Mtu anahitaji kujua siku gani, mahali gani, alifanya nini, na ni kanuni ipi aliyoivunja. Je, alipewa muda wa kutafuta kumbukumbu zake na mashahidi, au aliitwa saa nne asubuhi aje saa tano? Je, aliyemshitaki ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao? Hili la mwisho nalikuta mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa kwenye ofisi ndogo ambako meneja ndiye aliyegundua kosa, ndiye aliyechunguza, na ndiye anayetoa hukumu. Ofisi ikiwa ndogo, mtafute mtu wa nje asiye na upande aendeshe kikao. Gharama yake ni ndogo kuliko kesi.

Kuna sababu ambazo haziwi halali hata uzipambe vipi: uanachama wa chama cha wafanyakazi, kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri, rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ujauzito, kuwa likizo ya uzazi. Kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa nako hakumfukuzishi mtu. Shauri likifika mbele ya chombo cha usuluhishi au mahakama, Mkataba huo unataka mfanyakazi asiachiwe peke yake mzigo wa kuthibitisha kwamba alionewa. Mwajiri aliyekuwa na kalamu, kabati la mafaili na ofisa wa kuandika naye aeleze.

Kupunguza wafanyakazi kuna mlango wake. Hapo hakuna aliyekosa, kwa hiyo hakuna kikao cha nidhamu. Panatakiwa taarifa na mashauriano mapema na wawakilishi wa wafanyakazi: kwa nini tunapunguza, wangapi, wa idara zipi, lini, na kuna njia gani ya kupunguza maumivu. Kama majina yameshaandikwa, msiuite mkutano huo mashauriano. Uiteni tangazo, ili watu wajue wanaitiwa nini.

Sasa hati ya mshahara, karatasi ambayo wengi huitazama mstari wa mwisho tu. Niliwahi kuletewa hati saba za mfanyakazi wa usafi kiwandani, zimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, ulikuwa ule ule miezi yote saba. Kodi ile ile, mchango wa hifadhi ya jamii ule ule. Lakini chini yake palikuwa na mstari ulioandikwa "makato mengineyo", na kiasi chake kilipanda na kushuka kila mwezi. Alikuwa amemuuliza msimamizi, akajibiwa kuwa ni utaratibu wa kampuni. Tulipoomba mchanganuo kwa barua, ulikuja hivi: glovu, buti za mpira, na ada ya wakala aliyemtafutia kazi, inayokatwa kidogo kidogo.

Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Mama yule alikuwa akinunua kwa mshahara wake mwenyewe vitu vinavyomkinga na dawa za mwajiri, na juu yake akiilipia kazi ili aifanye.

Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, kuhusu ulinzi wa mishahara unataka mfanyakazi aelezwe masharti ya mshahara wake kabla hajaanza kazi, kisha kila anapolipwa aelezwe umepatikanaje, pale ambapo kuna vipengele vinavyobadilika. Makato ni yale tu yanayoruhusiwa na sheria, au na mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, au na uamuzi wa msuluhishi. Na kumkata mtu mshahara ili kumlipa mwajiri au wakala kwa ajili ya kupata kazi au kubakizwa kazini kumekatazwa waziwazi. Kuhusu glovu na buti, Mkataba Namba 155 wa mwaka 1981 wa usalama na afya kazini unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Kwa hiyo kila mstari wa makato uwe na jina lake. "Mengineyo" si jina. Ukiwa mhasibu wa mishahara na unashindwa kuupa mstari jina, simama hapo hapo uulize unaukata kwa kifungu gani. Ukiwa mfanyakazi, tunza hati zako zote, hata za miezi iliyokuwa sawa. Zile za miezi iliyokuwa sawa ndizo zinazoonyesha mwezi ulioharibika.

Usalama ndio eneo ambalo kuchelewa hakurekebishiki. Mwezi Juni 2022, nchi wanachama wa Shirika la Kazi Duniani ziliongeza mazingira salama na yenye afya kwenye orodha ya kanuni na haki za msingi kazini, iliyokuwa tayari na uhuru wa kujiunga na vyama, na kukomesha kazi za kulazimishwa, ajira ya watoto na ubaguzi. Kwangu mimi ilikuwa imechelewa, lakini nilifurahi. Maana yake ni kwamba hatari kazini haijadiliwi tena kama hisani ya mwajiri mwenye moyo mzuri.

Wajibu wa mwajiri hapa ni mpana: mashine zilizokaguliwa, kemikali zenye maelezo, mafunzo yanayoeleweka na mtu anayefundishwa, vifaa vya kinga vinavyomtosha anayevivaa. Nimeona wanawake wamepewa buti za saizi moja kubwa, wakajaza matambara ndani ili zisiwavuke. Kwenye daftari la stoo walikuwa wamekwisha kusaini kwamba wamepewa vifaa. Na kama kampuni mbili zinafanya kazi eneo moja, mwenye eneo na mwenye wafanyakazi wa mkataba wa nje, zinatakiwa kushirikiana kwenye usalama. "Yule si mtu wetu" haimzuii kudondokewa na tofali.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake: avae alichopewa, afuate maelekezo, atoe taarifa. Na ana haki moja ambayo wengi hawajui kuwa wanayo. Akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba hali iliyopo ni hatari kubwa na ya papo hapo kwa maisha au afya yake, anaweza kujitoa mahali hapo, na asiadhibiwe kwa hilo. Amjulishe msimamizi wake mara moja. Hatari hiyo ikiwa bado ipo, mwajiri hawezi kumwamuru arudi mpaka airekebishe. Ninachomshauri mtu yeyote anayejikuta hapo ni kwamba asiondoke kimya. Aseme hatari ni ipi, kisha aandike amemwambia nani na saa ngapi, hata kwa ujumbe wa simu. Akiondoka kimya, kesho kwenye faili kutakuwa na neno moja tu: mtoro.

Saa za kazi na likizo nitapita haraka, kwa kuwa sheria nyingi zimezieleza vizuri. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu hili: saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, na saa za ziada kulipwa si chini ya mara moja na robo ya malipo ya kawaida. Likizo ya mwaka yenye malipo, kwa Mkataba wa mwaka 1970, isipungue wiki tatu, na makubaliano ya kuiacha likizo hiyo ya chini kwa kulipwa pesa au vinginevyo ni batili. Likizo ya uzazi, kwa Mkataba wa mwaka 2000, isipungue wiki 14. Angalia nchi yako imeweka ngapi. Inaweza kuwa imepandisha.

Unyanyasaji kazini ulipata Mkataba wake mwaka 2019, Namba 190. Unamlinda pia mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, anayejitolea, na hata anayeomba kazi, na unafika kwenye safari za kikazi na kwenye ujumbe wa simu. Wanaonyanyaswa mara nyingi ni wale ambao hawana hata barua ya ajira. Utaratibu wa kupokea malalamiko uwekwe kabla lalamiko la kwanza halijafika, na uwe na milango miwili. Kama mlango ni mmoja na anayelalamikiwa ndiye aliyeketi mlangoni, hakuna atakayeingia.

Utasikia pia, "Wewe si mwajiriwa wetu, ni mkandarasi." Wakati mwingine ni kweli. Lakini jina lililoandikwa juu ya mkataba haliamui peke yake. Pendekezo Namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linaelekeza itazamwe hali halisi: nani anapanga saa zako, nani anasimamia namna unavyofanya kazi, vifaa ni vya nani, unalipwa kwa vipindi vya kawaida, kipato chako chote au karibu chote kinatoka hapo? Mtu anayeingia saa mbili, anayeomba ruhusa ya kwenda msibani, na anayevaa sare ya kampuni, ana maswali mazuri ya kuuliza kabla ya kukubali kwamba hana likizo wala kinga.

Waajiri huniuliza kama yote haya hayawafungi mikono. Nawajibu kwa dhati kwamba sijaona mwajiri aliyeumia kwa kumsikiliza mtu mapema. Niliowaona wakiumia ni wale waliolazimika kueleza tarehe.

Yule wa ghala tuliandika barua ya rufaa ya ukurasa mmoja, tukabandika nakala mbili: muhtasari wa Alhamisi na barua ya Jumanne. Ofisa aliyeichapa alikiri kuwa aliambiwa aiandae mapema ili kuokoa muda. Uongozi uliifuta barua ya Jumanne, kikao kikarudiwa na kamati mpya ambayo haikuwa na mtu wa idara ile. Dakika za mwanzo mjumbe mmoja aliuliza swali ambalo kwenye zile kurasa nne za kwanza halikuwepo: siku ile mzigo ulipopotea, funguo za ghala walikuwa nazo watu wangapi? Walikuwa nazo watatu.